Kumi ya Alhamisi

Usiku ule nilisali hadi magoti yakafa ganzi.
Nilimwomba ajionyeshe, hata kwa dalili ndogo,
nikamtajia na saa, kama mtu anayeagiza teksi:
kabla ya alfajiri, dirisha la kusini nimeliacha wazi.
Kilichoingia ni mbu
na harufu ya jaa la Bondeni.

Asubuhi mfereji ulikohoa mara mbili, ukanyamaza.
Siku ya tisa.
Mamangu alikuwa ameshajichafua tena
na mimi nimeshaishiwa shuka, na subira,
na ile sauti laini niliyojiapiza kumsemesha nayo
tangu kiharusi kimlaze upande.

Chini, gurudumu la mkokoteni likapiga yowe.
Gurudumu hilo twalijua jengo zima;
Musembi halitii mafuta, asema ndiyo kengele yake.
Nikachungulia kutoka orofa ya nne:
"Mtungi pesa ngapi leo?"
"Arubaini."
"Jana ulikuwa thalathini!"
"Jana foleni ya kisimani ilikuwa fupi."
Nikamwita mwizi.
Nikasema, nyinyi watu wa bara mmekuja kutunyonya.
Nilisema hivyo, mimi,
paji la uso wangu bado lina chapa ya msala.

Hakujibu. Nikamsikia ngazini,
mtungi mkono huu, mtungi mkono ule,
akivuta pumzi kila orofa,
kandambili zikimlilia pwa, pwa,
hadi mlangoni, akazivua.
Hakuna aliyemwambia avue.

Nilikuwa jikoni nasaka pesa, nikinung'unika,
niliposikia kishindo chumbani.
Nilipofika mama alikuwa sakafuni
na Musembi amekwisha piga goti
ndani ya kile ambacho mimi mwanawe
hukigusa kwa ncha za vidole, pumzi nimeibana.
"Pole, mwaitu," akamwambia.
Neno la kwao. Mama halijui.
Mama, ambaye kwa miezi saba
hajanishika ila kunifinya,
akamwekea kiganja shavuni, kile kizima,
akakiacha pale.

Sijui niseme nini juu ya chumba kile.
Hakikung'aa.
Feni ilikuwa imekufa pamoja na stima,
nzi walikuwa wawili, mmoja juu ya redio.
Huko nje mwenda wazimu wa njiapanda
alikuwa akiyaongoza magari kwa filimbi isiyo na kokwa,
na magari, siku hiyo, yalimtii.
Ndiyo hayo tu.
Lakini nilisimama kizingitini
nikaona haya kuingia na viatu.

Akambeba. Mikono ya mizigo
ikamlaza kama iwekayo mayai.
Akaniambia, bila kunitazama:
"Haya ni ya chumvi, ya kuogea.
Ya kunywa nitaleta jioni. Usimpe haya."

Nikampa noti ya mia. Ulimi mzito,
nikasema, baki nayo.
Akapekua mfuko, akanirudishia kumi.
Mitungi miwili ni themanini, hesabu naijua,
ndiyo kazi yangu, naandika vitabu vya duka la watu.
Nikaitazama ile sarafu, nikamtazama yeye.
"Na kumi ya Alhamisi," alisema.
"Hukuwa umemaliza."

Kisha akavaa kandambili zake, akashuka.

Mama nilimwosha mwenyewe.
Maji yalikuwa vuguvugu kwa jua la barabarani,
na mara ya kwanza sikuvuta pazia
wala sikugeuza uso.
Hakunifinya. Hakunishika pia.
Alikuwa akitazama mlango.

Jioni ile adhana ilinikuta ngazini, orofa ya pili,
chupa ya mafuta ya cherehani mkononi,
nashuka kwenda kulilainisha gurudumu lile.
Nikakumbuka ni kengele.
Nikaketi pale kwenye kipandio, gizani,
chupa katikati ya miguu,
nikatega sikio.