Flashi Shingoni

Nimefika Darajani
na flashi yangu shingoni,
laki nne mkobani,
amana nashikilia.

Si kidani wala pete,
mie Bi Mize wa Wete;
flashi ndiyo yenye vyote,
mfumo ulo huria.

Suwedi, mwenye kiduka,
kaniona, akacheka:
"Dada, hii waitaka?
Jana tu imeingia.

Nyembamba kama karata,
rangi ya fedha, yameta,
doa hata hutopata,
kwa Mungu nakuapia."

Nikaigeuza nyuma,
vibandiko nikasoma;
ingekuwa nguo njema,
mie ningejivalia.

Uzuri wa mkakasi,
ukipata maji, basi.
Nataka kujua nafsi
ya chuma kilotulia.

Mwaka jana tuliponzwa:
printa mpya ikaanzwa,
ikagoma, ikatunzwa
kabatini, yasinzia.

Tangu hapo nikaapa:
kitu hakitoki hapa
ila flashi imekipa
ruhusa kusafiria.

Nikamwambia, "Niwashe,
kwanza niihangaishe,
mwenyewe nijionyeshe
kabla ya kukulipia."

Suwedi akaguna tu;
"Hilo," akasema, "kwetu
hajafanya bado mtu,
dukani kujaribia."

Skrini ikawa nyeusi,
maandishi kwa wepesi
yakateremka, basi
watoto wakavamia.

Kioo kikapendeza,
spika nikazikoleza,
ila waifai, kiza:
haimo, ikanambia.

Chipu yake si ya wazi,
fundi kafunga hirizi,
flashi yangu haiwezi
siri yake kuingia.

"Tia Windozi," kasema,
"nakala nnayo nzima,
ya bure!" Nikasimama:
hiyo ni bure bandia.

"Yangu," mie nikajibu,
"mlango hauna tabu:
Faki, Chumu na Rajabu
ndani wataangalia."

Kuna moja kuukuu,
nene, iliyoko juu,
yenye vumbi kama guu
la mtu alopalia.

Akasema, "Ya ofisi,
haiuziki, nyeusi,
ukibeba utahisi
bega linakuumia."

Kwa pindo la yangu kanga
nikafuta, nikaunga
flashi; bila ya kupinga
yote ikaitikia.

Waifai ikashika,
kulala na kuamka,
kamera ikafunguka,
uso ukanijilia.

Betri yachomoka nje,
sina haja nimngoje
fundi wa mjini aje
bisibisi kutilia.

Maana kwetu umeme
hukatika, usiseme;
wingu tu, nao uzime,
giza likatuingia.

Nikasema, "Laki mbili."
Suwedi akakubali
upesi, bila kauli;
ikabidi kujutia.

"Iko pacha yake?" "Ipo,
herufi moja haipo,
ni Q." Nikacheka papo:
wapi tutaitumia?

Sasa zipo darasani,
dawati la dirishani.
Chumu kauliza, "Ndani
ninaweza kuingia?"

Nikampa bisibisi;
akageuza kiasi,
taratibu, kwa nafasi,
kifuniko kikalia.