Daftari la Kokoto

Kaka yangu Bakar alirudi kutoka machimbo ya almasi
na sanduku la bati, kikohozi,
na mkufu wa mama usio na kito.
Mama akauliza: Na almasi yenyewe?
Akasema: Almasi haikai na aliyeichimba.
Yapita mkononi kama maji ya udhu,
wabaki na unyevu.

Sisi huku Maziwang'ombe hatuna almasi.
Tuna jiwe.
Ukipiga jembe shibiri moja, lakujibu.
Hata muhogo huota umepinda kwa kulikwepa.

Twaponda tangu alfajiri,
kidole tumekivisha mpira wa baiskeli,
ndoo kwa ndoo, mpaka Jumatano
fuso la Mselemu lije lichukue,
likajenge hoteli ambazo sisi hatujui mlango wake uko upande gani.
Latuachia vumbi. Na shimo.

Bakar akakaa juu ya chungu yangu ya kokoto,
akakohoa, akauliza:
Pesa ya jiwe naijua ya nani. Shimo la nani?

Hatukuwa na jibu.

Akatuhadithia vijiji viwili vilivyokaa ukingoni mwa mgodi.
Kimoja kilidai shimo lingali la magoti:
kikapata zahanati, kisima,
na vijana wake wakafunzwa kuchomelea vyuma.
Cha pili kilingojea hisani.
Kingali chaingojea,
na shimo sasa lameza minazi kumi,
mmoja juu ya mwengine.

Bi Mize, ambaye mkutanoni hasemi hata salamu,
akasema: Elfu mbili. Kila fuso.
Likatafutwa sanduku, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wasiopendana.
Mimi nilifika darasa la saba,
n'kapewa daftari.

Mselemu alicheka. Mawe, akasema, yamejaa kisiwa kizima.
Tukaweka nyundo chini.
Siku ya nne nilipika mchicha wa mwituni kwa chumvi tupu.
Siku ya sita, usiku, tukamsikia Time anaponda
ko, ko, ko
nyuma ya choo chake, peke yake.
Hatukumsema. Ana watoto watano.
Siku ya kumi fuso likaja, na elfu mbili ndani yake,
chakavu, imeungwa kwa selotepu.
Nikaiandika: ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza.

Haya, soma nami.
Madawati kumi na mawili.
Tangi la maji, na bomba lake, na bomba la pili, kwani la kwanza liliibwa.
Mabati ya chumba cha kuzalia:
mtoto wa sita wa Time kazaliwa humo, mvua yapiga juu,
asidondokewe na tone.
Miwani thelathini ya kukinga macho.
Bi Mize yake kaitundika msumarini,
asema yamfanya aone dunia kama samaki aliye chupani.
Jicho lake la kushoto lilikwenda na kipande cha jiwe
miaka mingi kabla ya daftari.

Shimo la zamani tumelifukia, tukapanda migomba.
Yaota shingo upande.
Humo alizama mtoto wa Shaame, mwaka wa masika makubwa.
Nimelifungua daftari mara ngapi nitafute pa kumwandika.
Kuna Tarehe, kuna Kiingiacho, kuna Kitokacho.

Usiende ukasema tumetajirika.
Viganja vyangu vyakwaruza kitambaa cha kanga nikiikunja.
Bakar hujaza kikombe bombani, hunywa, hukohoa,
hujaza tena.

Na ukurasa wa arubaini na moja
elfu mbili hazionekani.
Nimezizungushia wino mwekundu.
Nimeambiwa nizifute, tusitiriane, sote ni jamaa.
Sifuti.
Ijumaa, baada ya sala, tutakaa mkekani,
sanduku katikati,
na wenye funguo zao waje nazo.