Alama ya Kuuliza

Ramani ya New Mexico imelala chali mezani
kati ya sufuria ya maharage na kichupa cha dawa ya macho.
Tuna siku tisa za likizo,
gari lenye breki mpya,
na njia za miguu mia na ushei, jimbo zima.

Kitabu cha mwongozo kinapiga kelele kila ukurasa:
tazama kule, tazama hapa, usikose kutazama.
Ubaldo anacheka.
"Hicho kitabu hakijapata habari zangu."

Husemwa macho hayana pazia.
Ya Ubaldo yanashushiwa,
kushoto na kulia, polepole, kama duka linalofungwa
huku mteja mmoja bado yumo ndani.
Daktari alisema Krismasi. Labda Pasaka.
Limebaki tundu la katikati,
na mimi, nikikaa pembeni, lazima anitafute.

Basi nachagua kwa maswali ambayo mwandishi hakuyawaza:
Huko kunasikika nini? Kunanukia nini?
Ardhi inaujibu vipi mguu?

Kusini, vilima vya mchanga mweupe.
Ni jasi, namsomea, haichomi hata jua likiwa utosini.
"Nitavua viatu," anasema.
Naandika: viatu, avue.

Malpais naikata kwa kalamu nyekundu.
Yale mawe ya volkano yana meno;
mwaka juzi yalimla Crescencio soli na goti,
naye macho yake mazima yote mawili.
Ubaldo kimya. Anakuna maharage yaliyoganda ukingoni mwa sufuria.
Kisha:
"Usinikatie, Ofelia. Weka alama ya kuuliza."
Nikaweka.

Juu ya Santa Fe, miti ya aspeni,
majani yake hayajui kutulia, hata upepo ukisinzia
yanatoa sauti ya mvua isiyolowesha mtu.
Naandika.
Jemez, misonobari mikubwa:
ukibandika pua kwenye ufa wa gome unapata vanila.
Hilo hakuhitaji kusomewa.
Alikwenda huko kuchanja kuni na babu yake,
akarudi na utomvu kwenye nywele, mama yake akamnyoa kipara.
Naandika. Ukurasa unajaa.
Najiona hodari. Najiona mke mwema.

Nikafika Bisti, nikapitiliza.
"Mbona umeruka?"
Nimesikiaje kwamba nimeruka? Sijui. Labda pumzi.
Nikamwambia: hakuna kitu.
Hakuna hata njia, unajiendea tu.
Udongo wa kijivu, mawe yaliyovaa kofia za mawe,
hakuna mto, hakuna ndege wa maana, hakuna jani la kutetemeka.
Huko hata ukipiga kelele, udongo unameza.
Ni pa kutazama tu.

"Hapo," akasema.

Sikuelewa. Nikamwonyesha orodha yangu,
yaani nikaisogeza hadi kwenye tundu lake.
Akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata,
jasi, majani, vanila, viatu.
"Nzuri," akasema. "Hii ni ya mwakani.
Hawa watanisubiri, hawana haraka, nitawajua kwa masikio na kisigino.
Lakini wale wa kofia
nisipowaona sasa, watakuwa uvumi."

Nilikuwa nimepanga likizo ya kipofu
na kipofu mwenyewe hajafika.

Nikanyamaza kidogo. Maharage yakaanza kuungua
na wote wawili tukanusa, hakuna aliyeinuka.

Tunaondoka saa kumi alfajiri,
ili tufike jua likiwa bado chini na kila jiwe lina kivuli chake.
Maji galoni sita. Kofia. Dawa ya macho kwenye barafu.
Ramani imekataa kukunjika kama ilivyokunjwa kiwandani,
nimeikunja nijuavyo,
Malpais ikatokea juu, na ule wino mwekundu.

"Na hii?" nikauliza.

Akageuza kichwa, kulia, kulia zaidi,
mpaka akanipata.
"Hiyo twende usiku," akasema,
"tuone nani atamshika nani mkono."