Ukucha wa Tatu

Alimleta ndani ya leso yenye fundo,
kama mtu aletaye jino la mtoto.
Nikafungua juu ya benchi: simba wa Pijo,
nne-sufuri-nne, wa mbele ya grili,
kasimama wima, ulimi nje, mkia juu,
kromu imebabuka begani.

"Sikuuzii," akasema Bi Nyaguthii,
mkunga mstaafu, wa Jericho. "Nakuazima.
Nasikia watu mjini wanalilia simba."

Walikuwa wakilia kweli.
Kirinyaga Road nilishaimaliza duka kwa duka:
springi zipo, taa za nyuma zipo, hata saa ya dashibodi,
lakini nembo, hapana. Nembo huibwa kwanza
na hukumbukwa mwisho.
Wenye magari walinijia Kariobangi na picha
ambamo simba ni mdogo kuliko punje ya mchele,
au waliniita nje nione buti palipong'oka nambari:
matundu, na kivuli cha tarakimu,
samawati ambayo jua halikuwahi kuifikia.

Nikamgeuza simba chini ya balbu.
Mguu wa mbele, kushoto: kucha mbili.
Wa tatu ulikatika, umebaki kisiki.

"Huyo ni Githaiga," akasema. "Alikuwa na miaka saba.
Alimtupia paka jiwe. Paka hakuguswa.
Baba yake alimfukuza hadi uwanja wa mpira,
akamkosa, akarudi hana pumzi, anacheka."

Nikashika nta. Ukucha ningeuongeza:
dakika kumi na kisu cha moto.
Marehemu baba, kule Wamunyu, angeuchonga gizani.
Nikamtazama mama. Hakusema niache,
hakusema nitengeneze.
Alikuwa akiliangalia lile pengo.

Basi.

Nikachekecha mchanga, nikaushindilia kisandukuni,
nikayeyusha karbureta zilizokufa,
zinki tupu, ikimiminwa hunyamaza kama uji.
Wa kwanza alitoka na uso wa mbwa.
Wa pili, tundu la hewa kifuani.
Wa tano, Jumamosi, mvua ikipiga mabati,
alitoka akiwa simba.
Tupa, msasa wa maji, kisha kwa Maghanga, Lusaka Road,
anayeng'arisha mabomba ya hoteli:
shaba kwanza, nikeli, halafu kromu.
Akaniuliza kama Nairobi nzima inavyouliza,
"Orijino ama feki?"
Nikamgeuza simba. Mgongoni nilitia K,
ya Kisilu, ndogo kama chawa.
"Ana baba," nikamwambia. "Mengine usiniulize."

Saba wametoka benchi ile.
Mmoja yuko Lavington, kwa Daktari Oyugi.
Mmoja Ngara, kwa Rattan,
ambaye Julai hulifunika gari blanketi.
Mmoja aliibwa Eastleigh kabla ya juma kwisha,
nikaona fahari, Mungu anisamehe.
Na wote, mguu wa kushoto, kucha mbili.

Mwezi uliopita, maonyesho ya magari ya kale, Ngong Road,
mwamuzi aliinama mbele ya Pijo la daktari
na lenzi yake na karatasi zake.
Akapapasa. Akaguna.
"Mnaona mguu huu?" akawaambia vijana wake.
"Ndivyo walivyotoka kiwandani.
Mkiona kucha tatu, hiyo ni bandia."

Bi Nyaguthii alikuwa kando yangu na soda ya moto.
Akajiziba mdomo kwa leso, ile ile.
Akasogea pembeni, penye nyasi, akatoa simu,
ikaita muda mrefu, mbali,
mahali ambako pengine ni usiku.

"Githaiga," akasema. "Amka.
Unalikumbuka lile jiwe?"