Mikwaruzo ya Kununua

Mtaa huu umepasuliwa na mpaka:
mwaga kahawa upande wa Tennessee
itakauka Virginia.
Duka la Orrin Stallard liko upande wenye ushuru mkubwa.
Nimekuja na hundi ya trekta niliyoiuza,
na kucha za mkono wa kushoto nimezikata jana usiku
kama msichana anayeenda mtihani.
Nina miaka sitini na nane.

Orrin anashusha la kwanza ukutani
taratibu, kama anayemhamisha mtoto bila kumwamsha.
"Mfano wa lile la mwaka thelathini na saba," anasema,
na ananihesabia:
uso wa msprusi uliookwa tanurini
ili mti wa juzi usahau utomvu wake;
gundi ya ngozi, ya kuchemsha;
mbavu za ndani zimechongwa nyembamba
kwa kipimo walichokipata
walipolipiga eksirei gitaa la zamani lenyewe.

Nacheka.
Baba yangu, Burl, ndiye aliyepigwa eksirei,
mara tatu, na makaa yakaonekana kifuani.
Gitaa lake lilipimwa mara moja tu:
mwenye duka la rehani aligonga mgongo wa mkangazi
kwa kidole cha pete, akasema, "Sabini."

Nazikwangua nyuzi zote sita.
Sauti inakuja mbele, imenyooka,
mtoto wa shule anayejua jibu.

La pili linanguruma. Nalisikia kwenye vifungo vya koti.

La tatu ndilo la bei.
Limechakazwa.
Kuna mtu kiwandani, Orrin anasema, kazi yake ni hiyo:
anamaliza chai, anachukua funguo, mnyororo, msasa,
na kabla ya chakula cha mchana
ameshalizeesha miaka themanini.
"Analipwa?"
"Vizuri."
"Baba alifanya bure."

Nafuata mikwaruzo kwa ncha ya kidole.
Hapa bizimu ya mkanda wa mtu asiyekuwapo.
Hapa jasho la kiganja ambacho hakijashika sururu.
Hapa, chini ya tundu, kucha za uongo zimekula vanishi
mpaka mbao imebaki uchi.
Kipya kinyemi, wanasema, ingawa kidonda;
hapa kidonda chenyewe kimechorwa.

Tena kimechorwa upande usio wake.
Baba alikuwa na shoto.
Alilipindua gitaa la watu wa kulia bila kugusa nyuzi,
zile nene zikaishia chini, karibu na goti,
na alama zake zote zilikuwa juu ya tundu,
pale ambapo hili ni safi,
linang'aa kama kipaji cha mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Basi nalipindua.
Orrin anapata ghafla kazi ya kufanya kwenye droo.
Vidole vinapapasa kama mgeni anayetafuta swichi,
dole gumba linaangukia uzi mwembamba,
linatoa kitu ambacho si wimbo wala si ajali.
Naweka kiganja kuzima.
Hakizimiki mara moja. Kinabaki nusu pumzi,
mle ndani, gizani,
kama alivyokuwa akikiacha yeye
akisikiliza kama mama ameamka.

Harufu lakini ni ya viatu vipya.

Nalirudisha. Nalitaka la kwanza,
lile la mtoto wa shule, lisilo na doa.
Orrin anaandika risiti kwa herufi kubwa,
halafu kalamu inasimama.
"Nyuzi nikuwekee za mkono gani?"

Nje lori limepaki juu ya mstari,
magurudumu mawili kila jimbo.
"Ziache zilivyo," nasema.
Anavuta sanduku, anafungua vibanio, kimoja, cha pili.
"Subiri," nasema.