Dakika ya Arobaini na Moja

Kabla ya mpira kuanza tulizunguka duara la kati,
vitambaa vyeusi vimefungwa mikononi kwa haraka,
changu kikiteleza hadi kiwikoni kila nikivuta pumzi.
Mvua ya Wales haikunyesha, ilining'inia tu hewani
kama mgeni asiyejua aingie au aage.
Kipaza sauti kikakohoa, kikataja jina:
Teifion Prosser, mfua jezi wa Pontyrhyd,
miaka arobaini na mmoja ya beseni, sabuni na kamba ya kuanikia.

Sikumjua. Nilikuwa wa timu ngeni,
miaka kumi na tisa, njumu za kuazima,
na katika kile kimya cha dakika moja
sikuwaza mauti. Niliwaza beki wao wa kushoto,
yule mzito wa kugeuka.
Mtoto jukwaani akauliza, "Ameenda wapi?"
Akanyamazishwa. Swali likabaki juu ya nyasi
mpaka refa alipolipulizia filimbi.

La pili hawakutuambia. Au walituambia
nami nikiwa chooni, tumbo la mechi ya kwanza:
kwamba ikifika dakika ya arobaini na moja
uwanja mzima utasimama na kumpigia makofi.

Ikafika. Kipa wetu akabutua mpira mrefu, wa kubahatisha,
ukadunda mbele ya beki mzito,
naye akageuka kama kabati linavyopitishwa mlangoni.
Nikawa peke yangu.
Nikapiga kwa ncha ya kiatu, pigo la aibu,
mpira ukapita chini ya kwapa la kipa,
nami nikaanguka chali kwenye matope,
na ndipo nikasikia:
watu wote wakipiga makofi.
Wazee wamevua kofia. Muuza supu. Waokota mipira.
Nilidhani, Mungu anisamehe, nilidhani
nimefika nchi ya waungwana
ambako bao hushangiliwa hata na waliofungwa.
Nikainuka. Nikanyanyua mkono, nikawashukuru,
nikainama kidogo, kama bwana harusi.

Nahodha akanikamata shingoni.
"Teremsha mkono," akanong'ona. "Si yako hayo. Ni ya marehemu."

Kuna aibu ianziayo usoni. Hii ilianzia magotini.
Makofi yalikuwa yamekwama:
yakikatika, mimi nimeyakata,
yakiendelea, ni kama yananishangilia.
Wakaendelea. Wengine kwa hasira, viganja vyekundu,
wengine wakilia na kunitukana kwa pumzi moja.
Na katikati yao mwanamke wa koti la kijani,
ambaye kila mtu alimtazama kuliko mpira,
alinitazama mimi
akaanza kucheka.
Alicheka mpaka akashika bega la jirani asianguke.

Baadaye (moja bila, sina la kujivunia)
nilimkuta kando ya basi letu, Eluned, mjane,
na mfuko wa plastiki mkononi.
Akasema mumewe hakuwapenda wafungao kwa ncha ya kiatu:
lazima waanguke,
na matope huingia kwenye mshono wa bukta.
"Hebu geuka." Nikageuka. Matope, kiuno hadi kisigino.
"Maji baridi kwanza," akasema. "Ya moto hulifunga doa."
Mfukoni mlikuwa na kipande cha sabuni kilicholika katikati,
kimebonyea pale gumba la mtu lilipozoea kukaa.
Sikujua kama ni pole au asante.
Nikasema zote mbili, na nadhani nilianza na isiyofaa.

Siku hizi nafunga mabomba, si mabao.
Mabao yalikuwa sita maishani, matano nimeyasahau.
Sabuni ipo juu ya rafu, imepasuka kama kisigino,
mke wangu ameshataka kuitupa mara mbili.

Jumamosi nikienda uwanjani,
watu wakisimama kwa ajili ya mtu wao,
nami husimama, hupiga makofi, macho chini,
na huu mkono wa kulia nauchunga
usije ukapanda.