Viti Viwili

Jina lake sikuwahi kulisikia.
Boztorgay: ukilitamka haraka
ni kama mtu anayekoroma katikati ya sala.
Lakini Karaganda ni mbali na Gyumri,
na mashirika yenye majina
yalitaka bei ya ng'ombe wawili na ndama,
nami sina ng'ombe, nina cherehani.

Garnik, mwana wa jirani, alinifungulia ukurasa.
Ndege nyeupe, mkia wa manjano,
na msichana anayetabasamu kama aliyeahidiwa mshahara.
Lugha tatu, hata moja si yangu.
"Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, shangazi."
Nikaandika Satenik. Mashine ikataka kujua
kama mimi ni binadamu.
Nikaionyesha picha zote zenye taa za barabarani.

Kisha kadi. Nikabonyeza.
Duara dogo likazunguka, likazunguka,
kama nzi ndani ya glasi.
Garnik akasema, subiri.
Subira nimeila miaka kumi na moja
tangu dada yangu Nvard aolewe kule nyikani.
Nikabonyeza tena.

Simu ikalia mara mbili.
Mara mbili pesa zikatoka:
pesa za mapazia ya shule, za magauni manne ya harusi,
za sketi ya mke wa daktari niliyoifumua mara tatu
kwa sababu ananenepa na hataki kuambiwa.

Usiku ule nilipiga namba yao.
Muziki, kisha sauti, kisha muziki.
Mume wangu Mesrop akageukia ukutani,
"Rahisi huwa ghali," akasema,
kisha akakoroma jina zima la shirika.

Yerevan, saa tisa usiku.
Nimeshika karatasi kama mtu aliyekuja kushtaki.
Msichana wa kaunta si yule wa picha;
huyu ana mafua.
Akasoma, akapenga kamasi, akasoma tena.
"Mama, una viti viwili. Abiria wa pili yuko wapi?"
Wa pili?
"Satenik na Satenik. Kumi na nne A, kumi na nne B."
Nyuma yangu foleni ikaguna.
Nikasema: ni mimi. Wote ni mimi.

Ndege ilikuwa kuukuu,
zulia limechakaa kama kiwiko cha mwanafunzi.
Nilipoketi, kiti kikashusha pumzi.
Kwenye kile kingine nikaweka koti la mama,
nililolipunguza kiunoni limtoshe Nvard.
Nvard hakuja mazishini. Nauli.

Mhudumu, kijana, kifuani ameandikwa Dosbol,
akaliangalia koti, akaangalia orodha yake,
akainama akalifunga mkanda.
Hakucheka.
"Limelipiwa," akasema, kwa Kirusi kizito kama changu.
Akaleta mikate miwili, vikombe viwili vya chai.
Nilikunywa vyote viwili. Pesa yangu.

Nikamuuliza maana ya Boztorgay.
Akaonyesha kwa vidole: kidogo hivi,
rangi ya vumbi, hujificha kwenye majani,
kisha huruka wima akiimba,
na ukimtafuta juu humwoni.
Kipozamataza, basi.
Nami nilidhani ni jina la mwizi.

Mama hakuwahi kupanda ndege.
Mawingu yalipopasuka na maji yakaonekana chini,
mengi, ya kijivu, hayana ng'ambo,
nilifungua mkanda wake, nikalihamishia koti dirishani,
nikalisimamisha kola.
Mtu wa kiti cha nyuma alikohoa.
Akohoe.

Pesa za kiti cha pili zilirudi mwezi Machi,
pungufu, wamekata ada ya kitu nisichokielewa.
Garnik anataka tuandike malalamiko.
Nimemwambia aache.

Nvard ametuma picha. Koti limemkaa mabegani,
kiunoni pia, asante Mungu,
ila mikono, anasema, bado ni mirefu.
Nimeanza kuweka akiba
ya kwenda kuikata.